Makala Iliyomkimbiza Fundi

Kila siku, kengele ya kutoka shule ilipolia, wenzake wa darasa la sita walikwenda kucheza, na Chiriku alikwenda kazini. Ndivyo alivyosema mwenyewe, tena kwa mdomo uliobetuliwa: "Mimi nakwenda kazini." Alipitia chekechea kumchukua mdogo wake, akambeba mgongoni, mkoba ukining'inia mbele, kisha akaingia kwenye saluni ya mama yake. Huko kulikuwa na nywele za kufagia, taulo za kufua na vitana vya kuosha. Saluni ikifungwa, kulikuwa na vyombo vya nyumbani. Vyombo vikiisha, kulikuwa na hesabu za mwalimu.

Juu ya hayo yote, mwezi huo ikaja blogu.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amelifungulia darasa ukurasa wake kwenye mtandao, ili hata wazazi waweze kuusoma kwenye simu zao. "Mwezi mzima," alisema, "kila siku makala moja fupi, ya kitu ulichokiona au ulichokisikia. Atakayefika mwisho bila kuruka hata siku moja, makala zake zitachapwa ziwe kijitabu, naye atazisoma mbele ya wazazi."

Chiriku, aliyepewa jina hilo la ndege kwa sababu alianza kuongea kabla ya kuota meno, alikitaka kijitabu hicho kuliko viatu vipya. Lakini aandike saa ngapi? Miwani, rafiki yake wa dawati moja, aliandika kwenye kompyuta ya baba yake, ameshaoga, glasi ya maziwa pembeni. Chiriku aliandika kwa simu ya mama yenye kioo kilichopasuka, amesimama jikoni, povu la sabuni likimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Si haki!" alimwambia Miwani. "Wewe unaandika umekaa kama waziri, mimi naandika nimesimama kama mlinzi wa geti."

"Basi andika habari za mlinzi wa geti."

"Nimeshaandika! Nimeandika ya mlinzi, ya paka wa jirani, ya mvua, na ya siku ambayo mvua haikunyesha. Zimekwisha!"

Alasiri hiyo aliyekuwa kwenye kiti cha saluni ni Fundi, mwanamke mtu mzima mwenye kibanda cha cherehani mkabala na duka la dawa. Sare za nusu ya shule zilipita mikononi mwake. Mama alikuwa amemaliza kumsuka upande mmoja wa kichwa, mistari imelala kama imepigwa kwa rula, ndipo Fundi akainuka na kutafuta kitambaa chake cha kichwa.

"Dada yangu, unakwenda wapi na nusu ya kichwa?" mama akashangaa.

Fundi akateremsha sauti. "Nitakwambia, lakini liishie hapa hapa. Nimeanza kusoma, mwenzangu. Darasa la watu wazima, jioni. Daftari nalificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Mwezi uliopita nilisoma ba, be, bi, bo, bu bila kukosea, nikajipigia makofi mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, wameshikana mikono.

"Sasa kwa nini unaficha jambo zuri hivyo?" mama akauliza.

"Acha kwanza nisimame imara. Watu wana midomo. Kesho utanimalizia upande huu."

"Nenda, dada, usichelewe."

Chiriku alikuwa nyuma ya kiti na ufagio wake. Alisikia kila neno.

Jioni masufuria yalikuwa yanamngoja, mdogo wake analilia hadithi, na makala ya siku haijaandikwa. Akakausha kidole kimoja kwenye sketi, akaanza. Aliandika habari za fundi mmoja mwenye kibanda mkabala na duka la dawa, mwenye wajukuu tayari, ambaye ndiyo kwanza anaimba ba be bi bo bu. Akatia na utani kuhusu daftari linalolala na vifungo. Jina hakutaja. Akabonyeza, makala ikaenda, naye akarudi kwenye masufuria akijipongeza.

Hakuna makala yake iliyowahi kupendwa vile. Kesho yake darasa zima lilicheka, na madarasa mengine yakadakia. Walipotoka shule, watoto wadogo walipita mbele ya kibanda cha Fundi wakiimba, "Ba! Be! Bi!" Kibanda kilikuwa kimefungwa. Chiriku aliongeza mwendo. Mdogo wake, asiyejua lolote, akaitikia kutoka mgongoni: "Bo! Bu!"

Fundi alikuwa saluni, amesimama mlangoni. Alikuwa amekivua kitambaa. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama wima.

"Shikamoo, mama—"

"Usiniamkie!" Fundi akamkatiza. "Mteja kaja kuchukua sare, kanipa simu yake. 'Fundi, si wewe huyu?' Sikumwomba anisomee. Nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, nimesimama, mpaka mwisho. Unajua, mtoto? Katika maisha yangu yote, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe kikaisha. Cha kwanza! Na ndani yake ni wewe unanicheka."

Kitana kilimponyoka mama. "Chiriku?"

"Sikutaja jina!" Chiriku alijibu kwa hasira, machozi yakimlengalenga. "Na hakuna uongo hata kidogo. Mwalimu alisema tuandike tunayoyasikia. Mimi nina muda gani wa kwenda kutafuta mengine?"

"Vibanda vya cherehani mkabala na duka la dawa viko vingapi?" Fundi akauliza. "Umenichora sura nzima, halafu umeifunika pua. Haya. Darasani sirudi tena. Na kichwa hiki nitakifumua mwenyewe."

Akatoka bila kujifunika, nusu ya kichwa ikionekana na barabara nzima. Watoto waliokuwa ng'ambo walipomwona, wakaanza: "Ba! Be!"

Damu ilimpanda Chiriku. Alikimbilia mlangoni. "Nyamazeni! Hamna adabu? Huyo si kama mama yenu?"

"Si wewe uliyetufundisha?" mmoja akamjibu, na wote wakaangua kicheko.

Chiriku aliubamiza mlango.

Ndani, mama hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu akikaa kwenye kiti hiki," alisema, "ananipa kichwa chake, na yaliyomo kichwani. Leo nani atakaa hapa tena, akijua kuna sikio nyuma ya ufagio?" Akaokota kitana. "Nami nina kosa langu. Nakupa kazi za watu wawili, kisha nashangaa ukikosa muda wa kufikiri. Kuanzia leo taulo ni zangu, na saa moja kila alasiri ni yako. Lakini uchovu haukukuandikia yale maneno, mwanangu. Uliyaandika wewe."

Chiriku aliifuta makala kwenye blogu. Kisha, kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa na karatasi, huku mama akifua taulo mwenyewe. Alimwandikia Fundi kwa herufi kubwa na maneno mafupi, ili msomaji asikwame. Ilikuwa makala bora kuliko zote alizoandika mwezi ule, naye alilijua hilo.

"Hata hiyo usiibandike," mama alisema. "Mwenyewe aisome kwanza."

Fundi alikuwa amerudi kibandani, kitambaa kimekazwa kichwani, anashona bila kuinua macho. Aliipokea karatasi baada ya kumaliza mshono. Kidole chake kilitembea chini ya maneno, polepole, kikasimama.

"Ni 'nisamehe,'" Chiriku akanong'ona.

"Usinisaidie. Nilikuwa nafika."

Akafika mwisho. Akarudia tena kutoka juu. "Na hii nayo inakwenda kwenye blogu?"

Chiriku aliitazama karatasi. Siku ilikuwa inaisha, na hakuwa na kitu kingine cha kutuma. "Ukikubali."

"Sikubali. Umeniandikia mimi, ni yangu." Fundi alivuta droo, akailaza chini ya vifungo. Kisha akaitoa tena, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake. "Mama yako bado yupo saluni?"

"Yupo."

"Basi animalizie kichwa upesi. Siwezi kumwonyesha mwalimu wangu barua yangu nikiwa nimesukwa nusu."

Siku ile mahali pa Chiriku kwenye blogu palibaki patupu. "Umeruka siku! Umetoka kwenye shindano!" Miwani alimpigia kelele kesho yake. Chiriku alijibu, "Najua." Alimweleza mwalimu kila kitu, na mwalimu akaweka sharti jipya: anayeandika habari za mtu aombe kwanza ruhusa yake. Kijitabu kilikuwa cha Miwani. Siku ya wazazi Chiriku alimpigia makofi, ya dhati, japo si marefu sana.

Njiani kurudi nyumbani mama alimshika mkono. "Kusikia jambo si ruhusa ya kulitangaza," alisema, "hata liwe la kweli, hata uwe umechoka. Siku ukikosa cha kuandika, acha nafasi tupu. Nafasi tupu haimuumizi mtu."

Mbele yao Fundi alitokea kwenye kona, kichwa kimesukwa chote, daftari amelishika waziwazi mkononi. Mtoto mmoja kwenye baraza alimwona, akajaribu: "Ba! Be!"

Fundi hakupunguza mwendo. "Hiyo nilishaipita zamani, mjukuu wangu," alisema. "Niulize nyingine."