Jina la Mkwe

"Hivi huko Ulaya, mtu akiishiwa moto jikoni anaenda kuomba kwa nani?"

Prisca, jirani yake wa Mpuguso, alimuuliza Ikupa swali hilo siku anafunga sanduku. Ikupa alicheka, akamwambia huko moto unatoka ukutani. Sasa alikuwa na mwezi wa tano Bradford, Uingereza, na bado hakulijua jina la mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta huo.

Haikuwa baridi iliyomshinda. Watu walimtisha sana na baridi, lakini aliyekulia Rungwe, kwenye mvua ya miezi na ukungu unaoingia mpaka jikoni, hatishwi na baridi. Kilichomchosha ni ukimya. Wiki ya kwanza aliwasalimia wote kituo cha basi, mmoja mmoja, akipiga goti kidogo kwa wazee. Babu mmoja akaukumbatia mfuko wake. Wiki ya pili akasalimia wawili. Siku hizi alisimama tu, kama wao. Alijifunza takataka gani zinakwenda pipa gani. Alijifunza kwamba ndizi za dukani zote zimeshaiva na hakuna mwenye habari ya kuzipika. Aliyafanya yote bila kulia na bila kufurahi, kama mtu aliyekufa ganzi mguu: anaona anakanyaga, ila haisikii ardhi.

Aliyemleta ni mumewe, Hezron. Ni Hezron huyu huyu ambaye zamani, mbele ya wanaume wote, alimbebea kikapu cha chai mpaka kwenye mizani, wakamcheka hadi wakachoka. Walifunga ndoa kanisani Mpuguso mwaka tisini na nane. Mwaka uliofuata akaondoka. Miaka minne ilipita kwa barua na simu, kisha mwaka 2003 akamtumia tiketi ya kwenda na kurudi, na viza ya kutembea ya miezi sita.

"Ukishafika nitakuombea ubaki kama mke wangu," alimwambia. "Wewe njoo tu."

Akaenda. Na Hezron alimpenda, hilo hakuna wa kubisha. Akirudi kutoka kiwanda cha mikate alimshika mikono yote miwili, akaipuliza mpaka ipate moto, hata siku ambazo haikuwa baridi.

Novemba wakaitwa ofisi ya uhamiaji. Hezron alihojiwa peke yake, Ikupa peke yake. Asubuhi hiyo, wakivaa viatu, Hezron alisema:

"Wakikuuliza cheti cha ndoa, sema kilipotea."

"Si kiko kabatini?"

"Kina doa la maji. Watakikataa. Sema kilipotea."

Hakumwambia kitu kingine.

Afisa alikuwa Mzungu mpole mwenye mafua. Kando yake alikaa mkalimani, mama wa Tanga aliyeitwa Najat, ushungi wake umepigwa pasi ukanyooka.

"Mlioana wapi?"

"Mpuguso, kanisani."

"Na cheti?"

Ikupa akatazama meza. "Kilipotea."

"Jina la baba wa mume wako?"

Ikupa akaziba mdomo kwa kiganja.

Najat akarudia swali, safari hii polepole.

"Nimesikia, dada."

"Basi sema."

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

"Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe. Hamwangalii usoni wala haketi naye chumba kimoja. Nikisikia anakohoa njiani, naingia migombani mpaka apite. Tangu niolewe sijaliweka jina lake mdomoni."

"Mdogo wangu, huyu bwana hana habari na migomba. Anataka jina tu."

"Mwambie anisamehe."

"Liandike basi, usilitaje."

"Kuandika nako ni kutaja, dada. Ni kutaja kwa mkono."

Najat akashusha pumzi, akatafsiri. Afisa akapenga kamasi, akauliza tena, akatafsiriwa tena. Mwishowe akaandika kwa kirefu, akasema haidhuru. Mume amekwisha kulitaja. Atawatumia fomu nyumbani. Ikupa akisoma na kuona yaliyoandikwa ni kweli, atie saini, fomu irudi kabla ya Jumatano. Isiporudi, viza yake ikiisha aondoke.

Wakiwa koridoni, Najat akampa namba yake ya simu.

"Neno la Kizungu likikutatiza, nitumie ujumbe. Usione haya."

"Ndaga, dada. Asante."

Njia nzima Ikupa aliamini ameharibu. Alimwambia Hezron kabla hawajavua makoti.

"Wameniuliza jina la mkwe, nimeshindwa. Nimetuharibia."

Hezron hakukasirika. Alimkumbatia mpaka miguu yake ikaachia sakafu.

"Umefanya vizuri. Vizuri sana, mke wangu."

"Vizuri wapi?"

"Kaa, nikupikie."

Alimpikia wali, akiimba. Ikupa alikula. Furaha ile hakuielewa, na hakuwa na nguvu za kuiulizia.

Fomu ilifika Jumamosi, Hezron akiwa kazini. Kiingereza cha Ikupa kilikuwa cha darasa la saba, kikaongezwa na miezi mitano ya televisheni. Lakini majina hayana Kiingereza. Mume: Hezron Bonifasi. Mahali alipozaliwa: Burundi. Baba: Bonifasi. Mbele ya Bonifasi palikuwa na neno asilolijua, kisha mwaka 1993.

Bahasha zenye jina la Bonifasi alikwisha kuziona mlangoni. Alidhani Wazungu wamekosea, kama wanavyokosea majina ya watu kila siku.

Akachukua simu, akaandika herufi moja moja:

"Shikamoo da Najat. Deceased maana yake nini?"

Jibu likaja anamenya viazi.

"Marahaba. Maana yake marehemu, mtu aliyekufa. Pole mdogo wangu, nani kafariki?"

Ikupa aliusoma mara mbili. Akamalizia kumenya viazi, akaviosha, akavibandika. Hakumjibu Najat. Hakulijua jibu.

Hezron aliporudi aliikuta fomu mezani, kalamu juu yake.

"Imekuja? Umeshasaini?"

"Bonifasi ni nani?"

Akavua kofia. Akakaa.

"Ni jina tu."

"Jina la nani?"

"Halina mtu. Ikupa, nisikilize. Nilipofika hapa sikuwa na karatasi hata moja. Mtanzania hawampokei, kwetu hakuna vita. Wenzangu wakaniambia nijilipue."

Kujilipua, ndivyo walivyoita wao kwa wao kujiandikisha mkimbizi wa nchi isiyo yako.

"Nikasema natoka Burundi," Hezron akaendelea. "Nikasema baba aliuawa, nikakimbilia Tanzania, nikakuoa huko. Cheti kina jina la baba yangu wa kweli, ndiyo maana nimekificha."

"Umesema baba amekufa."

"Nimesema Bonifasi amekufa."

"Una baba wangapi?"

Hezron akajisugua uso kwa viganja.

"Ningesema kweli wangenirudisha siku ile ile. Usingekuwa hapa. Nilifanya ili tuwe pamoja. Miaka minne, Ikupa, nalala na picha yako kama mwendawazimu."

"Najua."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Mbona hukuniambia kabla hawajaniuliza? Ningeweza kutaja jina la kweli."

Hezron akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la upendo, na ndilo lililomaliza kila kitu.

"Wewe? Ulitaje jina la mkweo? Nilijua hutalitaja hata wakukate kidole. Ndiyo maana sikuhangaika kukufundisha."

Viazi vilikuwa vinachemka. Ikupa akaenda kupunguza moto.

"Kwa hiyo heshima yangu ndiyo ilikuwa kufuli lako."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

"Sema mume wako alikuamini. Ni karatasi tu, mke wangu. Huyo Bonifasi wala si mkweo. Saini, hakuna mwiko utakaovunja."

Ikupa akageuka na kijiko mkononi.

"Mwaka ule wa mvua kubwa nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani. Nikasikia kikohozi chake mbele, nikatafuta pa kupisha. Huku maji, huku tope. Mzee wa watu akaingia yeye kwenye chai iliyolowa, akanipa mgongo, akasimama humo mpaka nikapita. Mwanamume na umri ule, ananipisha mimi niliyeolewa juzi. Sijamtazama usoni mpaka leo, na unaniambia nitie saini kwamba amekufa."

"Si yeye."

"Afisa akisoma anasoma baba wa mume wangu. Na mume wangu ni wewe."

"Usiposaini unarudi. Unalijua hilo? Unarudi, na mimi siwezi kukufuata, nikiondoka nimepoteza kila kitu. Ndoa yetu imekwisha hapo."

"Nalijua."

"Basi fikiri. Omba Mungu, wewe ni mtu wa kuomba."

"Nimeshaomba. Kesho ni Jumapili, siku ya kupiga simu nyumbani. Tupige kwanza."

Kila Jumapili ya pili wazazi wa Hezron walishuka mpaka mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, wakasubiri simu dukani kwa Tamimu. Hezron akapiga saa saba mchana, baada ya ibada. Akaweka sauti kubwa, simu katikati ya meza, kando ya fomu.

"Mzungu wetu," sauti ya Tamimu ikasema. "Mama yuko hapa karibu na mimi. Mzee yupo barazani, ananyeshewa na hataki kuingia."

"Kwa nini?"

"Anasema leo mkwe yupo kwenye simu. Nimemwambia simu haina macho, mzee wangu. Anasema masikio inayo."

Tamimu akacheka. Hezron pia akacheka. Ikupa aliinamisha kichwa, kama vile yule mzee ameingia pale jikoni.

"Ikupa, mwanangu," akasema mama mkwe wake, Mama Esnath.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Sauti yako imekonda. Baba yenu kapanda migomba nyuma ya nyumba, anasema hiyo ni ya kwenu mkirudi. Anapanda na kiuno kinamuuma, ukimkataza hasikii. Anaomba kuongea na mwanawe, kama utampisha."

"Nampisha, mama. Mwambie aingie, asilowe."

Akainuka, akatoka koridoni, akaurudishia mlango. Alisimama kati ya makoti na viatu, mikono ameikunja kifuani, vile vile ambavyo angesimama migombani. Sauti ya mzee hakuisikia. Hezron alikuwa ameondoa sauti kubwa, hiyo heshima bado alikuwa nayo. Ikupa alisikia upande mmoja tu.

"Shikamoo, baba. Hajambo, ametoka. Ndiyo, mlango umefungwa. Mvua? Hata huku. Migomba mingapi? Usiweke upande wa mtoni, baba, maji yatakata. Ndiyo. Mwezi wa sita, Mungu akipenda, tutakuja wote. Koti nitakuletea, zito, lenye kofia. Ah, usiseme hivyo. Usiseme hivyo, baba, wewe utaishi sana."

Akamsikia anaaga.

"Njoo," Hezron akaita. "Tumemaliza."

Ikupa akaingia. Macho ya Hezron yalikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli. Akayafuta kwa mkono wa shati.

"Anazeeka. Anakuambia ndaga kwa kunitunza." Akavuta pumzi. "Haya, mke wangu. Saini basi, asubuhi niipitishe posta nikienda kazini."

Akaisogeza fomu kwake, na kalamu.

Ikupa aliitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Akatafuta kilio, nacho hakikuwepo. Alimwona tu mwanamume mzuri aliyechoka, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akimbembeleza baba yake asife.

"Ikupa?"

Ikupa alifungua kabati, akatoa bahasha yenye pasipoti na tiketi ya kurudi, akaitia ndani ya blauzi. Akazima jiko, maana maharage yalikuwa yameshaiva.

"Unafanya nini? Ikupa, ongea na mimi."

Akaenda koridoni, akavaa koti, akainama kufunga viatu. Hezron alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kalamu mkononi.

"Sema hata neno moja tu, mke wangu."

Ikupa akampita, akafungua mlango wa nje, akatoka.