Kompyuta Mbili, Jina Moja

Kila Jumatano baada ya vipindi, Zipora wa darasa la sita alifungua chumba cha kompyuta shuleni kwao Mahongole, akafuta vumbi na kuhesabu vipanya kumi. Kutulia hakukujua. Hata kwenye sala ya asubuhi alichezea vifungo vya sweta.

Jumatano hiyo kazi iliongezeka. Mwalimu Ebeneza alikuwa ameandaa mfumo kwenye kompyuta moja, akaunakili kwenye nyingine tisa. Basi zote zikawa na jina moja na namba moja ya utambulisho.

"Ipe kila moja jina lake na namba yake, uizime, uiwashe, kisha uweke alama ya vema kwenye orodha," alimwambia. "Mbili zikibaki na jina moja, kazi itakayotumwa kwangu mwisho itafuta ya kwanza."

Kila kompyuta ilikula dakika saba. Nje wenzake walishaanza netiboli, na kelele zao zilimwasha miguu. Alipomaliza ya nane, uvumilivu ulimwishia. Akaweka vema kumi, akatimua mbio uwanjani.

Ijumaa wanafunzi kumi walifanya jaribio la kuchagua wawili wa kwenda kwenye mashindano ya kompyuta Njombe mjini. Jumatatu Mwalimu Ebeneza akaingia darasani amekunja uso.

"Modesta, zimefika kazi tisa. Yako haimo. Saa nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilituma, mwalimu. Nilikaa kwenye kompyuta ya tisa."

"Mvivu, halafu mwongo! Kaa chini."

Modesta akalia. Zipora alijua kilichotokea. Hilary aliyekaa kwenye ya kumi ndiye aliyetuma mwisho, na kazi yake ikafuta ya Modesta. Jioni ugali haukushuka. Alitoka nje, akaingia ndani, akatoka tena, hadi mama yake akamuuliza kama ana siafu mwilini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii aliyekuwa akiitembea ni Modesta, naye hakudanganya.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mwalimu, Modesta si mwongo. Mwongo ni mimi." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Mwalimu akachukua funguo. Walikwenda wakaiwasha kompyuta ya tisa, na kazi ya Modesta ilikuwamo bado, maswali yote yamejibiwa. Mwalimu alipoisahihisha, Modesta akawa wa pili.

Mwalimu akasimama mbele ya darasa. "Modesta, nimekukosea. Naomba unisamehe. Utakwenda Njombe." Kisha akamgeukia Zipora aliyeinamisha kichwa. "Wewe utazimaliza hizo kompyuta mbili leo, na netiboli utaisikia dirishani. Kuchoka si dhambi. Ungeacha nafasi mbili tupu, ningejua kazi haijaisha. Vema zako niliziamini, zikanifanya nimwite mwongo mtoto aliyesema kweli."