Namba Iliyoshuka Changamwe

Haya yalimpata rafiki yangu Mwidani, fundi wa redio wa Mikindani. Alinieleza kwa sauti kavu, kama anayesoma risiti.

Mwaka wa tisini na saba aliunda kisanduku kidogo kilichopokea saa kutoka kwa setilaiti na kuzigawia kompyuta za ofisi moja ya mizigo, Changamwe. Siku ya kukikabidhi, adhuhuri, umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, na giza likatanda. Kisanduku kikaendelea kwa betri, kikilia tik kila sekunde.

Kioo chake kilionyesha pia urefu wa antena kutoka usawa wa bahari: mita hamsini na nane. Kwa kawaida namba hiyo huyumba kidogo. Sasa ilikuwa ikishuka, mita moja kwa kila mlio.

"Mwanatumu!" alimwita karani.

"Abee!"

"Hebu nitazamie antena pale juu ya paa."

Mwanatumu akatoka nje hadi uani, akapaza sauti: "Ipo pale pale, wallahi. Haijasogea."

Namba ikafika sifuri, ikapita, ikazidi kwenda chini. Mwidani akachomoa waya wa antena. Akatoa betri, akaishika mkononi. Kioo hakikuzimika. Anasema hakuogopa wala hakuhisi lolote.

Namba ilifika mita arobaini na moja chini ya usawa wa bahari, ikasimama. Mlio ukanyamaza.

Kisha mlio ukaanza tena, taratibu, na namba ikaanza kupanda, kuelekea chumba alimokuwa Mwidani.