Tuone Atamsikia Nani

Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu ya kufagia kigango, kanisa letu dogo la mlimani. Nilimwacha mwanangu Raphael kwa jirani yangu Magreth, akicheza na binti yake Agnes, nikapanda mlima na ufagio na ndoo ya maua ya altareni. Jua lilikuwa linazama. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye migomba.

Siku hizo nilikuwa sihisi kitu. Binti yangu Judith alikufa kwa homa wakati wa masika, na tangu hapo nilifanya kila jambo kama nimeagizwa. Nafagia. Napika. Nasali. Basi.

Nilisukuma mlango.

Harufu ya udongo... udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Kwenye benchi la mbele kulikuwa na bibi mmoja amepiga magoti, kajitanda kaniki. Shanga za rozari ziligongana vidoleni mwake. Tik... tik... Kijiji chetu ni kidogo, wazee wote nawajua. Huyu sikumjua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Judith."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu msiba.

"Unamwombea nani, bibi?"

"Simwombei mtu. Naomba ruhusa." Alinong'ona bila kugeuka. "Kabla sijamgusa mtu, nakuja kwanza kumwambia Mwenyewe. Akinikataza, narudi nyumbani."

"Amewahi kukukataza?"

Tik...

"Ya Judith niliiomba hapa hapa. Nilikaa sana, nikingoja anikataze. Hakusema kitu."

Ningepiga kelele. Ningemkaba. Nilisimama tu na ndoo yangu, nikiwaza kwamba siku zile zile na mimi nilipiga magoti kwenye benchi lile, nikiomba apone. Kwa Mungu yule yule.

"Na leo?"

"Raphael."

Ndoo ilinidondoka. Nilipiga magoti pembeni yake, nikaanza kuomba kwa sauti. Raphael asiguswe. Raphael, Bwana. Raphael.

Bibi hakukasirika. Alisogea kidogo, akanipa nafasi.

"Haya," alinong'ona. "Tuombe wote. Tuone atamsikia nani."

Tuliomba mpaka giza likaingia. Sikumwona akiondoka. Nilishtuka tu kwamba shanga zimenyamaza.

Niliteremka mbio. Raphael alikuwa ameketi mlangoni kwa Magreth, anakula ugali. Mzima. Agnes alikuwa amelala ndani. Magreth alisema mtoto kichwa kinamuuma kidogo.

Alfajiri nilisikia kilio kwa Magreth.

Baada ya mazishi nilimweleza Padre Severin kila kitu. Alisema shetani ni mwongo, Mungu hatoi ruhusa ya namna hiyo.

"Basi alishindwa kumzuia, Padre?"

"Hashindwi na kitu."

"Sasa?"

Padre alivua miwani yake, akaifuta kwa kanzu, akaendelea kuifuta.

"Agnes nilimbatiza mwenyewe, mama," alisema. "Sijui."

Magreth naye alinishika mkono pale msibani, akasema anamshukuru Mungu angalau Raphael hajaugua. Alisema kwa moyo mweupe. Nikamjibu, asante. Sikulia. Machozi hayakuja.

Siku hizi napanda kigangoni kila jioni. Benchi huwa tupu. Napiga magoti na kuwataja watoto wote wa kijiji, maana siku ile nilimtaja mmoja tu. Naanzia nyumba za juu, naishia mtoni. Kisha narudia, nisije nikamruka mtu.

Jana nilipokuwa nateremka nilisikia vigelegele kutoka nyumba ya bondeni. Mke wa Castory amejifungua. Nilipiga hodi, nikauliza mtoto anaitwa nani.

"Bado hatujampa jina," walinijibu wakicheka. "Mbona haraka hivyo, mama Raphael?"