Kabari Ndani ya Boriti

Treni ya Praha ilikuwa imeshaanza kujivuta kutoka Brno, na Vendula bado yuko katikati ya behewa, jasho linamtoka, anatafuta kiti. Koti lake jekundu lilikuwa na vumbi jeupe mabegani. Mfuko wa kitambaa aliobeba ukakatika mkanda, na kilichokuwamo kikaangukia mguu wa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa anakula mkate wake kwa amani.

"Mama yangu! Dada, umebeba nini humu, mawe?"

"Zege. Samahani sana, kaka. Halijapasuka?"

"Mguu wangu au zege lako?"

"Zege. Mguu utapona."

Kijana akacheka mpaka miwani ikamteleza. Aliitwa Radim, na kazi yake huko Praha ilikuwa kuhesabu kwa kompyuta jinsi zege linavyopasuka. Aliigawanya boriti vipande vidogo mno, kama matundu ya wavu, akaitwika mzigo, kisha akauacha ufa ujitafutie njia bila kuonyeshwa. Vendula yeye alizivunja boriti zenyewe, kwa mashine, katika maabara moja ya Brno.

"Miaka sita nalihesabu," Radim akasema akisugua vidole vya mguu, "leo ndiyo mara ya kwanza limenigusa."

Walipofika Praha walikuwa wamegawana mkate na namba za simu.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umevunja ngapi leo, muuaji wangu?"

"Mbili. Na wewe?"

"Mia tatu, na mikono yangu safi."

"Mwanamume gani wewe usiyejua vumbi? Njoo Brno nikupake."

"Nitakuja, laazizi. Kazi tu ipatikane huko."

Kazi ikatokea. Mwaka ule maabara ya akina Vendula iliitisha shindano. Boriti moja ingevunjwa kwa siri, na timu kumi na mbili ambazo hazijaiona, ya Radim ikiwamo, zingeleta michoro ya njia ya ufa katika bahasha zilizofungwa. Atakayelenga angepewa mkataba wa miaka mitatu palepale Brno. Vendula aliahidi kutofumbua mdomo, na hakufumbua. Jumapili wakinywa supu ya kitunguu saumu, Radim akimchokoza, "Ninong'oneze kidogo tu," yeye alimziba mdomo kwa kipande cha mkate.

Boriti ilivunjwa Jumatatu. Ufa ulipanda wima kutoka chini, ukafika katikati, ukakunja kushoto kama goti. Hakuna aliyejua kwa nini.

Jumatano ilikuwa siku ya jina la Vendula, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Wenzake walimletea maua ya manjano, naye alikuwa amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Radim akapiga simu.

"Nitumie picha, nione hilo gauni."

"Niko kazini, we!"

"Hata ya kukumbatia maua tu?"

Akayakumbatia maua, akacheka, akatuma. Nyuma ya bega lake boriti iliyovunjwa ilikuwa imesimama, ufa wake wazi. Hata hakuikumbuka.

Bahasha zilifungwa Ijumaa. Wiki iliyofuata, asubuhi ya kuzifungua, Mzee Bohumil, fundi aliyeimwaga boriti ile, aligonga nyundo pale ufa ulipokunjia akatoa kabari ya mbao, urefu wa kidole. Ilisahaulika ndani zege likiwa bichi.

"Miaka thelathini sijawahi," akasema, uso umemshuka. "Nistaafu leo au kesho?"

"Kwanza bia, mzee," Vendula akamwambia. "Leo tutaziambia timu tu, kisha tumwage nyingine."

Ukumbi ulijaa. Michoro kumi na moja ikabandikwa ukutani, na nyufa zote zilikwenda juu, mmoja ukilala kidogo, mwingine umenyooka. Wa kumi na mbili ulikuwa wa Radim. Ulipanda, ukafika katikati, ukakunja kushoto kama goti.

Watu wakapiga makofi. Radim, ndani ya shati jipya la buluu, akamtafuta Vendula kwa macho. Vendula alikuwa ameishika ile kabari mfukoni. Hesabu gani duniani ingejua kabari iliyosahauliwa na mzee? Mchoro ule haukuhesabiwa. Ulionwa.

Mzee Bohumil akamwinamia. "Binti, ukinyamaza, mimi pia nimenyamaza."

Vendula akaenda mbele, akaiweka kabari mezani, akaeleza, na picha akaitaja.

Radim alimkuta kwenye ngazi.

"Uliikuza ile picha," Vendula akasema. "Uliangalia nini kwanza?"

"Wewe. Naapa. Nilianza na uso wako, na gauni. Halafu jicho likateleza."

"Likateleza nyuma ya bega langu."

"Nilitaka kuja, Vendula. Tuishi pamoja."

"Nilikutumia uso wangu, Radim."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila sitajua tena unatazama nini ukinitazama."

Siku chache baadaye ikaja barua ya Radim. Ndani mlikuwa na mchoro wenye tarehe ya kabla ya siku ya jina lake, na mstari mmoja wa mkono: *Huu niliuhesabu mwenyewe. Nilipoona picha nikautupa.*

Walimwaga boriti ya pili, safi, wakangoja siku ishirini na nane kama zege linavyotaka, wakaivunja. Mzee Bohumil akauweka mchoro ule juu ya ufa. Ulilala juu yake tangu chini hadi juu.

"Kijana alipatia," akasema.

Vendula akapiga simu.

"Radim. Ulipatia."

"Ule wa kwanza?"

"Ule wa kwanza."

"Basi ningekuja kwa haki."

"Ungekuja."

Nyuma ya Radim ilisikika sauti ya stesheni ikitangaza treni ya Linz, Austria, naye akapanda simu ikiwa sikioni. Hakuna aliyetaka kukata. Simu ikakatwa na treni yenyewe ilipoingia kwenye handaki.

Shindano lilifutwa. Vendula alipewa barua ya onyo kwa ajili ya picha. Bado anavunja boriti Brno, na gauni la kijani alimpa mdogo wake. Radim anahesabu mahandaki huko Linz, ana mke mwalimu na watoto wawili. Mzee Bohumil alistaafu, anafuga nyuki. Kabari iko maabara. Wanauzuilia mlango nayo usijifunge.