Ingia na Viatu, Mama

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mwalimu wa chekechea hapa Mwanza, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike. Wasomaji wenzangu, kazi yangu ni kueleza jambo taratibu mpaka mtoto wa mwisho darasani aelewe. Na hili nitawaeleza hivyo hivyo.

Tulipanga nyumba mlimani, juu ya Mkuyuni. Anayeujua mji wetu anajua jinsi nyumba za huko zilivyokaa juu ya mawe. Yetu ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Niliipenda sana! Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu, tukimwita Mama Bahati. Nilipojifungua, ni yeye aliyenipikia uji na kunikanda kwa maji ya moto. Nilimhesabu kama mama yangu wa mjini.

Shida ilianza kidogo kidogo. Ukishika mlango wa chuma wa barazani ukiwa miguu mitupu, mkono unasisimka, kama wadudu wanatambaa ndani ya mfupa. Pembeni ya mlango huo kulikuwa na boksi la chuma la swichi kubwa ya umeme, na boksi liligusana na fremu ya mlango.

Mume wangu, Sospeter, ni mtu wa masihara. Akatunga sheria ya nyumba: "Ndala kwanza, mlango baadaye." Tukacheka. Mtoto wetu aliijua sheria hiyo kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Majirani wakatuita watu wa nyumba ya ndala.

Mnaona? Nyumba ilikuwa inatuonya, sisi tukafanya utani...

Nilimweleza Mama Bahati. Baada ya muda akaniletea ripoti ya ukaguzi wa umeme, ina sahihi na muhuri. Niliisoma yote. Ilisema nyumba ni salama, na kwamba chuma cha ethi kimezikwa futi nne ardhini, nyuma ya nyumba.

Ethi ni nini? Umeme ukitoroka kwenye waya wake ukagusa chuma, unahitaji njia ya kwenda ardhini. Njia yenyewe ni waya unaoshuka ukutani hadi kwenye chuma kirefu kilichozikwa. Njia hiyo isipokuwepo, umeme unabaki pale pale kwenye boksi au mlango, unamsubiri mtu.

Sasa, futi nne? Pale pale nyuma tulikuwa tumejaribu kuchimba shimo la nguzo ya kuanikia nguo. Mtaimbo ulidunda ukatoa cheche! Chini ya udongo wa kiganja kimoja kulikuwa na jiwe tupu. Nyumba nzima ilikaa juu ya jiwe. Hicho chuma kilizikwa wapi? Na mkaguzi alikuja lini, mbona sisi wala majirani hatukumwona?

Nilimfuata Mama Bahati kwake, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu. Alicheka, akanishika bega.

"Mwalimu, wewe si wa kuhesabisha watoto vizibo? Umeme waachie wenyewe. Muhuri huo hapo. Unataka nini zaidi ya muhuri, mwanangu?"

Nilimwomba basi mkaguzi arudi, anionyeshe hicho chuma kwa kidole. Uso wake ukabadilika. Akasema wapo wengi wanaoitaka nyumba ile, na wao hawana maswali.

Nikarudi nyumbani. Nikavaa ndala, nikafungua mlango.

Ndipo mama yangu mzazi akaja kutoka Ukerewe. Hakuwa amewahi kufika katika nyumba ile. Ilikuwa mchana, mvua ya manyunyu, mimi niko jikoni nasubiri maji ya ugali yachemke, mwiko mkononi. Nikasikia sauti yake barazani, "Hodi humu." Moyo ulinilipuka kwa furaha, kisha nikakumbuka.

"Ingia na viatu, Mama. Usivue!"

"Nikuchafulie nyumba?" akajibu. "Mimi sikulelewa hivyo."

Ndivyo alivyokuwa. Kwake yeye, kuingiza tope ndani kwa mtu ni kumdharau, hata kama mtu huyo umemzaa mwenyewe.

Nilipofika, viatu vyake vilikuwa vimeshapangwa pembeni, vizuri kabisa. Miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa. Mkono umeshika mlango. Mdomo uko wazi na sauti haitoki... Machungwa aliyotuletea yalikuwa yanabingirika kwenye mawe, moja baada ya jingine.

Nilijua nisimguse. Na swichi ya kuzima ilikuwa nje, ndani ya boksi lile lile! Basi nikampiga. Nilimpiga mama yangu mzazi kwa mwiko, kwenye vidole, tena na tena, mpaka mkono ukaachia.

Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Waliomwosha waliniuliza zile alama za mkononi ni za nini. Ningewajibu nini, ndugu zangu?

Msibani Mama Bahati alilia kuliko wote. Kisha nikamsikia akiwanong'oneza akina mama kwamba marehemu alikuwa na presha. Presha! Mwanamke aliyekuwa anashinda shambani wiki hiyo hiyo!

Tuliporudi kutoka kuzika, boksi lilikuwa limehamishwa na ukuta umepigwa plasta mpya. Nyuma ya nyumba walipasahau. Sospeter alibomoa kibonge cha saruji kilichokuwa chini ya ukuta, ulimoingia waya wa ethi. Ndani yake waya ulikuwa umeishia hapo, mfupi kama kidole. Chini yake, jiwe.

Tulipeleka ripoti polisi, wakampata aliyeisaini. Alikiri mbele yetu kwamba hakuwahi kupanda mlima ule. Ripoti aliijaza mjini, mezani, akinywa chai.

"Dada, nilidhani nyumba za huko zote zinafanana," aliniambia.

Hakuwa na sura ya muuaji. Alikuwa kijana mpole, anaangalia viatu vyake. Kesi inaendelea, na Mama Bahati hanisalimii tena.

Wapangaji wenzangu, msiogope kuuliza. Kuuliza si kukosa adabu. Ukiletewa ripoti, omba mkaguzi aje ukiwepo, akuonyeshe kila anachosema amekiona. Akikataa, mtafute mwingine. Na nyumba ikianza kukufundisha namna ya kuigusa, usijifunze. Hama!

Sasa tunaishi Butimba. Chuma cha ethi kipo, nilisimama nikaona kinavyopigiliwa. Sospeter siku hizi hatanii. Hata hivyo kila ikipigwa hodi wakati wa mvua, mwiko unanitoka mkononi. Majirani wananishangaa, maana nawazuia wageni mlangoni kama mtu asiye na malezi.

Karibuni kwangu, wote. Tope nitafagia. Ila nawaomba sana, ingieni na viatu.