Mashine ya Marehemu na Kamba ya Kulia

Enzi za mumewe, msimu wa nyasi ulipofika, mama mmoja mfugaji alikuwa akimsikia mume kabla ya kumwona. Mashine yao ya kufunga nyasi kavu marobota ilikohoa bondeni kutwa nzima, mpaka majirani wakaiita Mzee Kikohozi. Sasa mume hayupo. Mashine imebaki, na kikohozi chake.

Asubuhi hiyo ilikohoa vizuri tu. Ila kila robota lilipotoka, kamba ya kushoto ilishika na ya kulia ikaachia. Nyasi zikamwagika chini kama mzigo wa mlevi. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nyasi zikilowa zitaoza, na kiangazi ng'ombe watakula nini?

Mama akachukua kopo la oili. Akainama juu ya mashine, injini ya trekta linaloiendesha ikinguruma, amimine pale kamba zinapofungwa.

"Wifi, toka hapo. Vidole havioti kama kucha."

Alikuwa dada wa marehemu, fundi wa matrekta. Alizima injini, akatia ufunguo mfukoni mwake, akangoja gurudumu kubwa la mashine lisimame kabisa. Kisha akaokota kamba iliyoachia.

"Ona ncha hii, imechanika kama mswaki mkuukuu. Kisu kimekuwa butu. Na humu umepika nini?"

Akakwangua kwa bisibisi. Oili na vumbi la nyasi vimegeuka uji mweusi, mzito. Kile kidomo cha chuma kinachofunga fundo kilishindwa kufumba.

Mama akanuna. Akasema anatia oili kila siku, vilevile kama alivyofanya mumewe.

"Kumimina ulimwona," wifi akasema. "Kufuta je? Jioni, wewe ukikamua, kaka alisugua humu kwa brashi na kitambaa. Mimi nilimshikia taa."

Mama akachukua kitambaa. Miaka yote ile alidhani mumewe anachelewa kuingia kwa ajili ya soga.

Wakasugua mpaka chuma kikang'aa. Wakanoa kisu. Mama akataka kukaza pia skrubu ya kamba, wifi akamshika mkono: rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ushike kingine. Ukigusa vyote kwa mpigo, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Injini ikiwa bado imezimwa, wifi akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mama akikaa mbali na vyuma. Fundo la kulia likajifunga, dogo, gumu.

Walifunga nyasi mpaka shamba likabaki tupu. Robota la mwisho liliingia ghalani, mvua ikaanza kupiga bati. Wakaketi juu ya marobota, wamechoka, wananukia jua.

"Wifi," mama akasema, "jioni ngapi nilimnunia yule mtu bure."

Wifi akatoa ufunguo mfukoni, akamrudishia.

"Si bure. Soga nazo zilikuwepo."